Mizani ya Jikoni

Mizani hii ilikuwa ya kupimia unga.
Niliinunua Gikomba kwa muuza vikombe,
sahani yake ya plastiki ina ufa,
mshale wake hutetemeka kabla ya kukubali.
Khavere, anayefua shuka zetu, ndiye aliyesema:
"Sista, macho hudanganya. Pima."

Alikuwa anamkumbuka Nyamoita.
Sote tulikuwa tunamkumbuka Nyamoita,
kitanda cha tatu, Aprili, mvua,
tuliposimama tukiitazama ile damu na kusema
ni ya kawaida, ni ya kawaida,
hadi midomo yake ikawa rangi ya majivu.
Neno hilo hatulitumii tena.

Leo ni saa nane na dakika kumi usiku, Kayole,
na Mbithe amejifungua mtoto wa nne,
msichana, analia vizuri.
Kondo la nyuma limetoka zima, nimelikagua mara mbili.
Lakini chini ya kiganja changu tumbo la uzazi,
ambalo lingekuwa gumu kama ngumi,
limelala tu, laini, unga uliozidishiwa maji.

Kitambaa kikavu: gramu arobaini.
Kitambaa cha kwanza: mia tatu na kumi.
Toa arobaini.
Khavere anaandika ukutani kwa kipande cha mkaa.
Cha pili. Cha tatu. Toa, toa.
Aliishia darasa la sita, na usiku huu
hakuna profesa anayemzidi hesabu.

Mkono unasugua, mdomo unaagiza:
leteni dawa, iko kwenye thamosi yenye barafu
(stima ilipotea tangu saa mbili),
choma pajani, weka dripu, ongeza ile ya kugandisha,
toa mkojo kwa mrija, mpigie daktari tena,
Mbithe, niangalie, mtoto wako anaitwa nani?
"Bado," anasema. "Bado."
Sijui anajibu swali gani.

Mia tisa. Elfu moja na mia moja.
Mshale unatetemeka kabla ya kukubali.

Basi nachukua kondomu,
zile za bure, kutoka sanduku la mlangoni
ambalo wanaume hulipita wakitazama juu,
naifunga kwenye mrija kwa uzi wa kushonea,
mafundo mawili, naiingiza, naijaza maji ya chumvi
polepole, mia moja, mia mbili, mia tatu na hamsini,
mpaka inabana kwa ndani kama mtoto aliyerudi
kumshikilia mama yake.

Washairi wa kwetu huhesabu mizani kwa silabi,
nane kwa nane, vina kati na vina mwisho.
Shairi hili halina vina. Lina kina,
na mizani yake ni hii yenye ufa.

Wario, mlinzi wa getini, amerudi kwa bodaboda,
kikasha cha barafu amekifunga kiunoni kwa kamba ya mpira.
Mfuko mmoja. Tuliomba mitatu.
Una namba na tarehe, jina hauna.
Huenda ni wa mwanafunzi wa kidato cha nne
aliyejitolea ili akwepe kipindi cha hesabu,
akapewa soda na biskuti, akasahau.
Sasa anaingia tone kwa tone mkononi mwa Mbithe.

Kitambaa cha tisa: tisini. Toa arobaini.
Cha kumi: hamsini na tano.
Khavere ameketi sakafuni, mkaa mkononi,
hana la kuandika.

Asubuhi Mbithe aliuliza ilikuwa kiasi gani.
Nikamsomea ukutani: lita moja na robo tatu.
Akafikiri. "Paketi tatu na nusu za maziwa,"
akasema, maana huuza maziwa kule Soweto ya Kayole,
"na sijui nani atanilipa."
Akacheka, akashika tumbo, akaacha kucheka.

Mtoto bado hana jina.
Mizani nimeiosha kwa jiki, nimeianika dirishani.
Ukuta sijaufuta.